Kona, tao, pindo, kombo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya vitu vilivyopinda

Neno la Kiswahili la kitu kilichopinda ni lipi hasa?

Halipo moja. Kiswahili hutaka kwanza kujua ni kitu gani kilichopinda, na kimepindaje. Barabara ikipinda, hapo ni kona. Mto ukipinda, hapo ni kizingo. Mlango wa jengo ukiwa na sehemu ya juu iliyozunguka kama nusu duara, una tao. Ukingo wa nguo uliogeuzwa ndani ukashonwa ni pindo. Karatasi iliyolazwa upande mmoja juu ya mwingine inabaki na mkunjo. Na kitu kilichopaswa kunyooka kikakataa, kimekwenda kombo.

Lipo neno "mpindo", na kisarufi halina kosa. Lakini kwa kuwa linafaa kila mahali, halimwonyeshi msomaji chochote. Ukiandika "mpindo wa barabara" ataelewa. Ukiandika "kona kali" atashika kiti.

Ngeli ndizo huwaponza wengi, kwa hiyo tuziseme mapema. Kona ni i-/zi-: kona hii, kona hizi ("makona" husikika mitaani, ila usiyaandike). Tao ni li-/ya-: tao hili, matao haya. Kizingo ni ki-/vi-, mkunjo ni u-/i-, pindo ni li-/ya-, upinde ni u-/zi- na wingi wake ni pinde.

Kona ni pembe, au ni mahali barabara inapopinda?

Yote mawili, na hapo ndipo utata unapoanzia. Neno lilitoka kwa Kiingereza likabeba maana zote mbili: ncha ambapo kuta au njia mbili zinakutana, na mahali njia moja inapobadili mwelekeo.

Wakazi wa Nairobi wana mfano karibu. Dagoretti Corner ni mahali barabara ya Naivasha inapokutana na barabara ya Ngong, yaani makutano. Kona Baridi, ukishapita Kiserian kwenye barabara ya Magadi, ni mahali barabara inapopinda na kuanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Neno ni lile lile, lakini dereva wa kwanza anatazama magari yanayoingia kutoka kando, na wa pili anatafuta gia ya chini.

Ukiandika maelekezo, ripoti ya ajali au tangazo la kiwanja, tenganisha. Njia mbili zinapokutana, andika "makutano" au "njiapanda". Njia moja inapopinda, andika "kona", na uongeze sifa: kona kali, kona ndefu, kona ya mteremkoni. Ndani ya nyumba, "pembe ya chumba" na "kona ya chumba" zote zinakubalika. Kwenye hesabu ni pembe pekee.

Kumwelekeza mtu: kata kona, pinda, geuka, chepuka. Lipi ni lipi?

Kupinda ni kufuata njia inayobadili mwelekeo, au kuiacha moja na kuingia nyingine: "Ukifika kwenye petroli, pinda kushoto." Kukata kona ni tendo lile lile likitazamwa kutoka kwenye usukani, ndiyo maana tunasema dereva alishindwa kukata kona, si alishindwa kupinda. Kugeuka ni kuelekeza uso kwingine, pengine kurudi ulikotoka. Ukimwambia mtu wa boda "geuka" ukikusudia aingie kushoto, usishangae akikurudisha stejini. Neno lisilo na hatari yoyote ni "ingia": "Kona ya pili, ingia kushoto."

Kuchepuka ni kuiacha njia kuu na kushika ya kando. Kutokana na kitenzi hicho tumepata "barabara ya mchepuko", jina zuri la kile ambacho Nairobi nzima huita baipasi. Tahadhari moja tu: Tanzania, "mchepuko" peke yake ni mpenzi wa pembeni, yule ambaye Kenya humwita mpango wa kando. Kwa hiyo usiandike "tumejengewa mchepuko" ukaishia hapo. Taja barabara.

Makanga anaposema "tao tao", anazungumzia tao gani?

Anazungumzia mjini. Tao la Nairobi ni neno la Kiingereza la mji lililovaa sauti ya Kiswahili, na halina undugu na tao la msikitini au la darajani. Yanatofautishwa na namna yanavyokaa kwenye sentensi. Tao la mjini linajiendesha kama jina la mahali: "niko tao", "tao kumejaa", "natoka tao". Tao la jengo linadai ngeli yake: "tao limepasuka", "matao yamepakwa chokaa". Mtu akikuambia "tao limejaa", huenda anachanganya mawili, lakini matatu haitamngoja ajisahihishe.

Mombasa, kwenye Moi Avenue, kuna mfano mzuri wa tao halisi: zile pembe kubwa za ndovu za alumini zinazovuka juu ya barabara. Kila moja ni pembe, maana imechukua umbo la pembe ya mnyama. Zikikutana juu zinafanya tao. Pembe na tao kwenye kitu kimoja, wala hakuna linaloingilia kazi ya lingine.

Kuna na maana ya tatu. "Matao" ni maringo, madaha ya mwendo: "anatembea kwa matao". Asiyeijua maana hiyo atadhani mtu anapita chini ya milango.

Pinda, pindisha, pindua: mnyambuliko huu unaleta maana gani?

Unaleta nyingi, na si zote zinazokaribiana. Pinda hutumika pande zote mbili: fimbo imepinda yenyewe, na fundi ameipinda fimbo. Pindisha huongeza mkono wa makusudi, na leo hutumika zaidi kwa visivyoshikika: kupindisha sheria, kupindisha ukweli, kupindisha maneno ya mtu. Pindua ni kugeuza cha juu kikawa chini, kuanzia chapati kwenye kikaango hadi serikali. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 yametoka kwenye mzizi huo huo. "Kupindukia" ni kuvuka mpaka: bei ghali kupindukia.

Kosa linalojirudia ni "amepinda sheria". Linaeleweka, ila "amepindisha" ndilo linalobeba lawama. Sheria haijipindi.

Kuna tofauti gani kati ya kupinda na kukunja?

Kilichopinda kimebadili mwelekeo. Kilichokunjwa kimelazwa juu yake chenyewe au kimebana. Unakunja shuka, mkeka, mikono ya shati, uso na ngumi. Unapinda waya, tawi, upinde. Shuka lililopinda ni lile lililotandikwa vibaya.

Mpaka huo si ukuta. Methali inasema samaki mkunje angali mbichi, na samaki huyo halazwi pande mbili zikagusana. Kwenye ujenzi, mafundi husema kukunja chuma na kukunja ringi, ile ya kushikilia vyuma vya nguzo, ingawa ringi ina kona nne na haina mkunjo hata mmoja. Fuata lugha ya kazi. Ukimwambia fundi wa mjengo "pinda ringi" atakuelewa, lakini atajua wewe si wa hapo.

Je, naweza kuandika "mikunjo ya mwili" nikisifu umbo la mwanamke?

Usithubutu. Mikunjo ni makunyanzi ya uso na nyama zinazolaliana tumboni. Tangazo la nguo linaloahidi "kuonyesha mikunjo yako" linamwambia mteja jambo ambalo hakulipia kusikia. Kosa hili linatokana na kutafsiri "curves" ya Kiingereza neno kwa neno, na kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni halikosekani.

Kiswahili husifu umbo zima, si mstari wake. Sema "umbo", au "shepu" ukiwa mtaani. "Umbo namba nane" linaeleweka kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam: juu pana, kati pembamba, chini pana. "Kiuno cha nyigu" ni la kimashairi zaidi, na mwenye kumtazama nyigu kwa karibu ataona kwa nini. Kiunganishi cha kifua na tumbo lake ni chembamba kama uzi. Kuhusu nguo, "inayoshika umbo" ni tofauti na "ya kubana": ya kwanza ni sifa, ya pili yaweza kuwa malalamiko.

Muuzaji mwenye busara huacha sifa na kuandika vipimo vitatu kwa sentimita: kifua mahali kilipojaa zaidi, kiuno mahali kilipo chembamba zaidi, na nyonga mahali palipojaa zaidi, ambapo kwa wengi ni takriban sentimita 20 chini ya kiuno. Nguo huweza kurudishwa kwa sababu nyonga ilipimwa juu mno, kwenye mfupa.

Mbinuko na mbonyeo: nitakumbukaje ipi ni ipi?

Chukua kijiko. Upande wa nyuma unaotokeza ni mbinuko. Ndani panapobeba uji ni mbonyeo. Jitazame nyuma ya kijiko na uso wako utakuwa mdogo lakini wima. Geuza ujitazame ndani, ukiwa umekishika mbali kidogo na uso, na utajiona kichwa chini.

Vioo vile vya duara vinavyofungwa kwenye kona za maegesho ya chini ya majengo ni vioo mbinuko. Vinaonyesha eneo pana, lakini gari linaloonekana humo liko karibu kuliko unavyodhani. Gari likigongwa mlangoni, mlango umebonyea, si umebinuka. Tofauti hiyo ikikosewa kwenye fomu ya bima, inaweza kuzua maswali.

Fundi cherehani anaita nini sehemu za nguo zilizopinda, na kwa nini shingo niliyoshona inavuta?

Anaita kwa jina la sehemu yenyewe: shingo, kwapa, kola, pindo. Hahitaji neno la jumla.

Shingo inavuta kwa sababu ni mbonyeo. Ukishaishona na kuigeuza, ukingo wa kitambaa uliobaki ndani ni mfupi kuliko mahali unapotakiwa kulala. Dawa ni chale. Acha ukingo wa sentimita 1, kisha kata vichale kila baada ya sentimita 1 au 1.5, ukiishia milimita 2 kabla ya mshono. Chale ikigusa uzi, tundu litatokea baada ya kufua mara mbili tatu. Kola ya mviringo ni kinyume chake: ni mbinuko, na kitambaa cha ndani kinazidi. Hapo chale za kawaida hazisaidii. Kata vipembetatu vidogo vidogo uondoe kitambaa, la sivyo kola itakuwa na vinundu.

Pindo la sketi ya duara kamili ndilo humtoa fundi jasho. Ukilipinda kwa sentimita 2, ukingo unaoukunja juu una urefu unaozidi mahali unapoushonea kwa takriban sentimita 25. Haijalishi sketi ni ndefu au fupi, ziada ni ile ile. Sentimita 25 hizo zitakwenda wapi? Zitakuwa mikunjo. Punguza pindo liwe nusu sentimita, na ziada inashuka hadi kama sentimita 6, ambazo pasi huzimaliza. Ukiweza, itundike sketi usiku kucha kabla ya kupinda, kwa kuwa sehemu zilizokatwa mshazari hunyooka na kurefuka.

Kwenye bomba, elbo na bendi ni kitu kimoja?

Ni ndugu. Elbo hukata kona ghafla, bendi hupinda taratibu. Kwa maji safi yenye msukumo elbo inatosha. Kwa maji taka ya choo, bomba la inchi 4, kona ya digrii 90 iliyokatwa ghafla ndiyo mahali karatasi zitakapokwama. Omba vipande viwili vya digrii 45 badala ya kimoja cha 90. Bei inaongezeka kidogo, lakini hutamwita fundi mwenye waya kila baada ya mvua.

Anayepinda bomba la chuma kwa moto, kama wafanyavyo mafundi wa jua kali, hulijaza mchanga kwanza na kuziba ncha zote mbili kwa vigingi, ili lisibonyee kwa ndani. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, na kigingi huruka kama risasi.

Kwenye hesabu nitumie neno gani?

Kipande cha mzingo wa duara ni tao. Mzingo ni urefu wa kuzunguka duara lote, kipenyo kinapita katikati, nusu kipenyo ni nusu yake. Duara lenye kipenyo cha sentimita 14 lina mzingo wa sentimita 44 ukitumia 22/7. Tao la robo yake ni sentimita 11. Umbo la yai ni duara dufu. Kwa mstari wa grafu usionyooka, "mstari uliopinda" unatosha.

Basi mbona "kunyoosha mstari uliopinda" kulisikika ajabu wakati wa Korona?

Kwa sababu ilikuwa tafsiri ya wito wa Kiingereza "flatten the curve", na kwa Kiswahili kunyoosha kilichopinda ni kukirekebisha, na msomaji akabaki akijiuliza ni kitu gani kilichokuwa kimeharibika. Picha ile ilitegemea grafu ya maambukizi ambayo wengi hawakuwa nayo mbele yao. Kilichokusudiwa kinasemeka bila grafu: kupunguza kasi ya maambukizi ili hospitali zisizidiwe. Herufi zimeongezeka, maswali yamepungua.

Mpira wa kona unaitwaje kona ilhali unapigwa kutoka kwenye tao?

Swali zuri. Mpira huwekwa ndani ya robo duara yenye nusu kipenyo cha mita 1, iliyochorwa kwenye pembe ya uwanja. Yaani mstari ni tao, mahali ni pembe, na pigo lenyewe ni kona. Wapinzani hukaa angalau mita 9.15 kutoka kwenye tao hilo. Mpira ukizungushwa ukaingia moja kwa moja golini, mtangazaji atasema umepinda. Hakuna atakayesema umekunjika.

Kombo, upogo, mshazari: yote ni kupinda?

Mshazari haujapinda hata kidogo. Ni mstari ulionyooka uliolala kwa mwinamo, kama kamba kutoka pembe moja ya shuka hadi pembe ya mkabala. Upogo ni kukaa upande, kama picha iliyotundikwa vibaya ukutani. Kombo ndiyo iliyopinda kweli, tena kwa kasoro, na ndiyo iliyoingia kwenye maisha: mambo yamekwenda kombo, mipango imekwenda kombo. Usiichanganye na makombo, mabaki ya chakula.

Miguu iliyopinda kwa nje ina matege. Ni neno la kawaida na si tusi, lakini kumwita mtu "matege" badala ya kusema ana matege ni tusi tayari.

"Kila kona ya nchi" ni sahihi, au niandike "kila pembe"?

Vyote viwili. Magazeti hupenda kona, washairi pembe.

"Nilikula kona" ni kosa?

Ni Sheng, na si kosa ukiwa ndani ya Sheng. Maana yake nilitoroka, niliponyoka kimya kimya: askari wa kaunti walipotokea, mchuuzi alikula kona. Kwenye taarifa ya habari andika "alitoweka".

Ufuoni na mtoni tunasemaje?

Bahari ikiingia kwenye nchi kavu kwa upana ni ghuba. Ikiingia kwa wembamba ni hori. Mto ukijipinda ni kizingo, na wenyeji wa Mombasa wanalo jina hilo pia kwa mtaa wa Kizingo, karibu na mlango wa bandari. Mto wenye vizingo vingi "unapindapinda". Kurudia kitenzi namna hii kunatosha, huhitaji kuongeza "kama nyoka". Nyoka mwenyewe, akijiviringisha, ana pindi.

Na upinde wa mvua ukitokea miwili?

Pinde mbili za mvua. Si "maupinde", wala si "upinde mbili". Wa juu huwa hafifu zaidi na rangi zake zimegeuka: nyekundu iko ndani, zambarau nje.